Kubwa, Kongwe na Fupi: Rekodi za Mji wa Venisi

Wasomaji wengi wa Kiswahili waliijua Venisi kwanza darasani, kupitia Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere iliyochapishwa mwaka 1969. Mji wa tamthilia ile ni mji wa fedha: merikebu baharini, mikopo, soko la Rialto, kesi mbele ya doge, mtawala wa jamhuri. Anayeutembelea leo hukuta fedha hiyo imekwisha kugeuka mawe, dhahabu na rangi. Hukuta pia rekodi nyingi mno kwa mji ambao mtu anaweza kuuvuka kwa miguu kwa muda wa saa moja na ushee.

Sitazitaja zote. Nimechagua zile ambazo mtu anaweza kwenda kuzitazama kwa macho, nyingi zikiwa ndani ya makumbusho, makanisa na majumba ya zamani, na nimeziacha zile za vitabu vya watalii zisizo na uzito. Kila nilipoitafuta asili ya rekodi moja nilirudishwa palepale: kwenye maji. Venisi imekaa juu ya visiwa vidogo zaidi ya 100 katikati ya wangwa wa maji ya chumvi, pwani ya bahari ya Adria. Chumvi ilikula rangi za ukutani, tope likakataa uzito, na bahari ikaleta mali na tauni katika merikebu zilezile. Watu wa hapo walilazimika kutafuta dawa ya kila shida, na dawa hizo ndizo tunazozihesabu leo kuwa za kwanza, kubwa au ndefu kuliko nyingine.

Picha zilizoshonwa kama matanga

Ndani ya Palazzo Ducale, ikulu ya watawala wa jamhuri ya Venisi, kuna Ukumbi wa Baraza Kuu wenye urefu wa mita 53 na upana wa mita 25, bila nguzo hata moja katikati. Ni miongoni mwa vyumba vikubwa kabisa barani Ulaya, na haukufanywa hivyo kwa majivuno tu. Wanaume wa koo za kibwanyenye waliokuwa na haki ya kukaa na kupiga kura humo walifikia 2,000 na kupita. Juu kabisa ya kuta, chini ya dari, zimepangwa sura za madoge 76 wa kwanza. Mmoja hana sura. Mahali pake pamechorwa kitambaa cheusi, kwa sababu Marino Faliero alijaribu kuipindua jamhuri aliyoapa kuilinda, akakatwa kichwa mwaka 1355. Ndiye doge pekee aliyeuawa kwa hukumu ya uhaini.

Ukuta ulio nyuma ya kiti cha doge umefunikwa wote na Il Paradiso ya Jacopo Tintoretto, picha ya peponi yenye upana unaozidi mita 20. Kwa karne nyingi imetajwa miongoni mwa picha kubwa kuliko zote za rangi ya mafuta duniani. Tintoretto aliianza mwaka 1588 akiwa mzee wa miaka takriban 70, mwanawe Domenico akimsaidia. Mgeni akiitazama kwa dakika moja huona msongamano wa miili na mawingu. Akivumilia, huanza kuona kwamba watu wote hao mia kadhaa wamepangwa katika pete za mwanga zinazopanda kumwelekea Kristo na Mariamu, na kwamba wajumbe walioketi chini walikuwa kama pete ya mwisho, ile ya dunia.

Kabla ya picha hiyo palikuwa na nyingine ukutani hapo, ya Guariento, mchoraji wa karne ya 14, iliyopakwa moja kwa moja juu ya lipu mbichi. Moto wa mwaka 1577 uliiharibu. Mabaki yake yaligunduliwa nyuma ya turubai la Tintoretto mwaka 1903, na sasa yanaonyeshwa katika chumba cha jirani. Usikipite chumba hicho, kwa kuwa ndicho kinachoeleza kwa nini Venisi ndiyo nyumbani kwa picha kubwa za turubai.

Kwingineko Italia, mchoraji aliyepewa ukuta mpana au dari alipaka rangi juu ya lipu mbichi. Michelangelo alifanya hivyo Roma. Venisi, unyevu wenye chumvi hupanda ndani ya tofali na kuisukuma rangi nje mpaka ibanduke. Mwaka 1508 vijana wawili, Giorgione na Tiziano, walizipamba kwa michoro ya namna hiyo kuta za nje za Fondaco dei Tedeschi, jengo la wafanyabiashara wa Kijerumani karibu na daraja la Rialto. Kilichosalia ni vipande hafifu vinavyohifadhiwa katika makumbusho ya mji. Wachoraji wakageukia kitambaa cha matanga, ambacho mji wa mabaharia haukukosa. Vipande vilishonwa, vikachorwa karakanani, vikaviringishwa, vikapelekwa kwa mashua hadi mahali pake. Ukuta ulipooza, turubai lilikuwa na fremu yake na hewa nyuma yake.

Mshindani wa Il Paradiso yuko katika kanisa ambalo wageni wengi hulipita bila kuingia, San Pantalon, lenye uso wa matofali matupu ambao haukuwahi kumaliziwa. Gian Antonio Fumiani alifanya kazi ya dari yake tangu mwaka 1680 hadi 1704. Ni turubai 40 zilizounganishwa, eneo lote likiwa mita za mraba 443, na wapo wanaoiita picha kubwa kuliko zote duniani juu ya turubai. Ipi ndiyo mshindi inategemea kama unahesabu kazi iliyoungwa vipande vingi au la, na ubishi huo siuoni kuwa na faida. Mimi ningemshauri mtu mwenye nusu saa tu aiendee hii ya Fumiani. Nguzo na matao aliyoyachora yanaendeleza nguzo na matao halisi ya kanisa, hata jicho linashindwa kusema jengo limeishia wapi na rangi imeanzia wapi. Husimuliwa mitaani kwamba alianguka kutoka juu ya jukwaa akafa siku ya kumaliza. Hakuna ushahidi wa hilo, na kifo chake kilikuja miaka sita baadaye, mwaka 1710.

Rekodi ya uvumilivu ni ya Tintoretto, katika Scuola Grande di San Rocco, jumba la chama cha waumini waliosaidia maskini na wagonjwa. Mwaka 1564 chama kiliwaalika wachoraji walete michoro ya awali ya picha moja ya dari. Wenzake walifika na karatasi. Tintoretto alifika usiku na picha iliyokwisha, akaipachika darini, na walipokasirika akawaambia ni zawadi kwa mtakatifu. Kanuni za chama hazikuruhusu kukataa zawadi. Kuanzia hapo hadi mwaka 1588 alilijaza jumba hilo picha zaidi ya 60, na picha yake ya Kusulubiwa kwa Kristo, ya mwaka 1565, ina upana wa mita 12. Wasimamizi huwapa wageni vioo vya kushika mkononi ili watazame dari bila kuumia shingo. Vichukue.

Paolo Veronese naye anayo yake, katika makumbusho ya Gallerie dell'Accademia: karamu yenye upana wa karibu mita 13, iliyokamilika mwaka 1573 kwa ajili ya ukumbi wa kulia wa watawa. Iliagizwa kama Karamu ya Mwisho. Mahakama ya dini ilimwita mchoraji ajieleze kwa nini meza ya Bwana amezungushia walevi, mbilikimo, askari wa Kijerumani na mbwa. Aliamriwa airekebishe. Badala ya kuifuta michoro, alibadilisha jina, akaiita Karamu katika Nyumba ya Lawi, na walevi wapo mpaka leo. Karamu yake nyingine, Harusi ya Kana, ilibebwa na majeshi ya Napoleon mwaka 1797 na sasa ndiyo picha kubwa kuliko zote katika Louvre, Paris. Katika kisiwa cha San Giorgio Maggiore, kwenye ukumbi uliochorewa picha hiyo, tangu mwaka 2007 pametundikwa nakala ya kidijitali ya ukubwa uleule. Mtu anaweza kudharau nakala. Lakini hapa mwanga wa dirisha unaingia upande uleule ambao Veronese aliupangia vivuli vyake, jambo ambalo Paris haiwezi kulitoa.

Mamilioni ya miti chini ya maji

Jengo la Venisi huanzia chini ya macho. Mafundi walipigilia nguzo za mbao, mwaloni na miti ya jamii ya msonobari, zikapenya tope laini hadi kwenye udongo mgumu. Juu yake wakapanga mbao, kisha jiwe jeupe la Istria, lililoletwa kutoka ng'ambo ya Adria kwa kuwa halinyonyi maji, ndipo likaja tofali. Mbao iliyozama kwenye tope lisilo na hewa haiozi upesi. Fundi wa Lamu au wa Mji Mkongwe wa Unguja, ambaye upana wa chumba chake uliamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko, angemwelewa mwenzake wa Venisi bila mkalimani.

Kwa wingi wa nguzo, bingwa ni kanisa la Santa Maria della Salute, lenye kuba nyeupe mdomoni mwa Mfereji Mkuu. Hesabu inayorudiwa tangu karne ya 17 inapita milioni moja. Tauni ya mwaka 1630 na 1631 iliua karibu theluthi ya watu wa mji, na baraza likaweka nadhiri ya kujenga kanisa kama ugonjwa ungekoma. Msanifu alikuwa Baldassare Longhena, kijana wa miaka 30 na ushee alipokabidhiwa kazi. Lilipowekwa wakfu mwaka 1687 alikuwa amekwisha kufariki miaka mitano nyuma. Kila tarehe 21 Novemba wenyeji huvuka Mfereji Mkuu juu ya daraja la muda kwenda kuwasha mishumaa, na siku hiyo kanisa linakuwa lao zaidi kuliko la wageni.

Mfereji Mkuu una urefu wa karibu kilomita 3.8 na madaraja manne tu. Kongwe kati yake ni Rialto. Lililotangulia lilikuwa la mbao, na mwaka 1444 lilianguka chini ya uzito wa watu waliojazana kutazama msafara wa harusi. Mashindano ya kujenga la mawe yaliwavuta wasanifu wenye majina makubwa, akiwemo Andrea Palladio, ambaye alipendekeza matao kadhaa ya mtindo wa Kirumi. Kazi akapewa Antonio da Ponte, mhandisi wa serikali aliyekuwa amepita miaka 70, kwa mchoro wa tao moja tu lenye upana wa takriban mita 28. Wakosoaji walitabiri litaporomoka. Lilimalizika mwaka 1591 na limebeba maduka juu ya mgongo wake hadi leo. Da Ponte huyohuyo ndiye aliyesimamia matengenezo ya Palazzo Ducale baada ya ule moto wa 1577. Naona ajabu kwamba wageni wanaomjua Palladio ni wengi, na wanaomjua mzee huyu ni wachache.

Mnara wa kengele wa San Marco, mrefu kuliko yote mjini, una mita 98.6. Galileo aliwapandisha wakuu wa jamhuri juu yake mwezi Agosti 1609 na kuwaonyesha darubini yake. Asubuhi ya tarehe 14 Julai 1902 mnara ulijikunja na kuanguka wote uwanjani. Hakufa mtu. Paka wa mlinzi ndiye pekee aliyetajwa kupotea. Wazee wa mji waliamua jioni ileile kwamba utajengwa ulivyokuwa na ulipokuwa, na mpya ulizinduliwa tarehe 25 Aprili 1912, sikukuu ya Mtakatifu Marko. Una lifti. Kutoka juu huoni mfereji hata mmoja wa maana, paa tu zilizobanana, na hapo ndipo mtu anapopata picha ya jinsi ardhi ilivyokuwa haba.

Chini ya mnara, ndani ya Basilika ya San Marco, mozaiki za dhahabu zimefunika takriban mita za mraba 8,000. Panda ngazi hadi kwenye makumbusho ya juu uwaone farasi wanne wa shaba, kundi pekee la farasi wanne wa gari la mbio lililosalia zima kutoka zama za kale. Venisi iliwapora Konstantinopoli mwaka 1204, Napoleon akaipora Venisi mwaka 1797, wakarudi 1815. Walio nje juu ya mlango ni nakala.

Ya kwanza duniani

Mwaka 1516 jamhuri iliamuru Wayahudi wote wa mji wakae katika kisiwa kimoja kidogo cha mtaa wa Cannaregio. Malango yalifungwa usiku, na mshahara wa walinzi walilipa Wayahudi wenyewe. Huo ndio mtaa ulioipa dunia neno geto. Watu waliongezeka na kisiwa hakikuongezeka, kwa hiyo nyumba zilipanda juu hadi ghorofa saba na nane, zikawa ndefu kuliko nyumba nyingine za kukaa mjini, dari zake zikishushwa ili kubana sakafu moja zaidi. Masinagogi matano yalijengwa kwenye ghorofa za juu, la kale zaidi mwaka 1528. Kutoka uwanjani huyatambui isipokuwa kwa madirisha yake matano yaliyojipanga mstari. Shakespeare hakuutaja mtaa huu popote katika tamthilia yake. Msomaji wa Mabepari wa Venisi anayesimama uwanjani hapo na kuhesabu ghorofa anaongezewa kitu ambacho kitabu hakikumpa: mahali ambapo mtu kama Shailoki, Myahudi mkopeshaji wa tamthilia ile, angerudi kulala, lango likifungwa nyuma yake.

Rekodi ya afya ni ya mwaka 1423. Dubrovnik ilikuwa imetangulia mwaka 1377 kuwatenga wasafiri, lakini Venisi ndiyo iliyoanzisha hospitali ya kwanza ya kudumu ya kuwatenga wagonjwa wa tauni, katika kisiwa kinachoitwa Lazzaretto Vecchio. Wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta humo mifupa ya watu zaidi ya 1,500.

Kwa upande wa elimu, jumba la Ca' Loredan, ambalo sasa ni sehemu ya ofisi za manispaa, lina kibao cha kumkumbuka Elena Lucrezia Cornaro Piscopia aliyezaliwa hapo mwaka 1646. Tarehe 25 Juni 1678, katika Chuo Kikuu cha Padua, alikuwa mwanamke wa kwanza anayejulikana kutunukiwa udaktari wa falsafa.

Na kwa msomaji Mwislamu, ipo rekodi inayostahili kujulikana zaidi. Msahafu wa kwanza kuchapwa kwa mtambo kwa herufi za Kiarabu ulichapwa Venisi, kati ya mwaka 1537 na 1538, na Paganino Paganini na mwanawe Alessandro. Kazi ilijaa makosa ya herufi na irabu, na biashara haikufaulu. Kwa miaka mingi wataalamu walidhani nakala zote zimepotea, hata wengine wakatilia shaka kama uliwahi kuwepo, mpaka mwaka 1987 mtafiti Angela Nuovo alipoikuta nakala moja katika maktaba ya watawa Wafransisko wa Venisi. Ndiyo pekee inayojulikana.

Ramani iliyoijua pwani yetu

Kama ningeruhusiwa kitu kimoja tu katika mji huu wote, ningechagua ramani. Imo katika Biblioteca Marciana, maktaba iliyosanifiwa na Jacopo Sansovino kuanzia mwaka 1537, mkabala na Palazzo Ducale. Jengo lenyewe lina kisa chake: usiku mmoja wa Desemba 1545 tao la dari liliporomoka, na Sansovino akatiwa jela, akatolewa kwa juhudi za marafiki zake, na kudaiwa gharama. Mgeni huingia kwa tiketi ya Makumbusho ya Correr.

Ramani ni ya Fra Mauro, mtawa wa kisiwa cha San Michele, aliyeikamilisha karibu na mwaka 1450. Ni duara lenye kipenyo cha karibu mita mbili, limejaa maelezo yapatayo 3,000 yaliyoandikwa kwa mkono, na hakuna ramani ya dunia ya Ulaya ya zama zake iliyobeba habari nyingi kiasi hicho. Kusini iko juu, kama walivyochora wanajiografia wa Kiislamu. Kwa hiyo Afrika imetanda juu na Ulaya imejibana chini, pembeni. Jerusalemu haiko katikati, na Fra Mauro amejitetea kwa hilo kwa maandishi yake mwenyewe. Kuhusu Habeshi anaeleza kwamba habari zake alizipata kwa watu wa dini waliotoka huko, waliomchorea kwa mikono yao majimbo na miji na mito. Upande wa Bahari ya Hindi ameandika majina ambayo msomaji wa pwani atayatambua licha ya tahajia: Xengibar, Soffala.

Tafakari tarehe. Bartolomeu Dias alizunguka ncha ya kusini ya Afrika mwaka 1488, na Vasco da Gama akafika Malindi 1498. Fra Mauro alikwisha kuichora Afrika ikiwa imezungukwa na bahari, na akaeleza habari za merikebu iliyotoka upande wa India ikapita kusini karibu na mwaka 1420. Mtawa huyu hakusafiri kwenda huko. Alikaa kisiwani akiwasikiliza mabaharia na wafanyabiashara, na maarifa ya watu wa Bahari ya Hindi yakamfikia kabla ya meli yoyote ya Mreno kutia nanga kwetu.

Murano, kisiwa cha jirani, kilitupa kitu kingine. Mwaka 1291 jamhuri iliamuru tanuri za kioo zihamie huko ili mji wa mbao usiteketee, na hivyo Murano ikawa kituo maarufu kuliko vyote cha kioo barani Ulaya. Makumbusho ya kioo yalianzishwa kisiwani mwaka 1861. Wageni husimama mbele ya taa na vikombe. Wasomaji wetu watafute kabati za shanga. Katika karne ya 19 shanga za Venisi zilikuwa fedha ya njia za misafara kutoka Bagamoyo kwenda bara: kila nchi ilikuwa na rangi yake, na msafara uliobeba rangi isiyotakiwa ulilala na njaa. Nyekundu za samesame zilikuwa za thamani kuliko nyingi. Zilinunua chakula na pembe, na zilinunua watu pia. Maelezo ya ukutani hayawezi kusema yote hayo, inabidi mtu aende nayo kichwani.

Ndefu, fupi, nyembamba

Arsenale, gati na kiwanda cha manowari kilichoanza karne ya 12, kilikuwa miongoni mwa viwanda vikubwa kabisa Ulaya kabla ya zama za mashine, kikiwa na maelfu ya mafundi. Mwaka 1574 mfalme Henri wa Tatu wa Ufaransa alialikwa karamuni humo, na wakati anakula merikebu moja iliungwa ikakamilika. Jengo lake la kusokotea kamba, Corderie, lina urefu wa mita 316, kwa sababu kamba ndefu ya nanga ilitaka nafasi ndefu. Aliyelijenga upya kati ya 1579 na 1585 ni yuleyule Antonio da Ponte.

Fupi kuliko majumba yote ya Mfereji Mkuu ni Palazzo Venier dei Leoni: lilianzwa karne ya 18 likaishia ghorofa ya chini. Peggy Guggenheim, Mmarekani aliyekusanya sanaa ya karne ya 20, alihamia humo mwaka 1949 na kulifungulia umma miaka miwili baadaye. Leo ni moja ya makumbusho bora ya sanaa mpya Italia. Njia nyembamba kuliko zote ni Calle Varisco, sentimita 53. Mkahawa wa Florian, uliofunguliwa mwaka 1720, bado unauza kahawa uwanjani San Marco, kwa bei inayolingana na umri wake.

Zipo rekodi ambazo mji ungependa usiwe nazo. Tarehe 4 Novemba 1966 maji yalipanda sentimita 194 juu ya kipimo cha kawaida, bamvua kubwa kuliko zote zilizowahi kupimwa hapo. Ya pili ilikuja tarehe 12 Novemba 2019, sentimita 187, na chumvi ikapenya tena kwenye marumaru za Basilika. Tangu tarehe 3 Oktoba 2020 malango 78 ya chuma yanayoitwa MOSE hunyanyuka kutoka sakafu ya bahari na kuziba midomo mitatu ya wangwa. Yamegharimu zaidi ya euro bilioni tano na yametanguliwa na kashfa ya rushwa, lakini yamefanya kazi.

Dhidi ya wingi wa wageni hakuna lango la chuma. Tarehe 25 Aprili 2024 Venisi ilikuwa mji wa kwanza duniani kutoza kiingilio wageni wa kutwa, euro tano, kwa siku maalumu za msongamano. Mwaka 1951 visiwa vya mji mkongwe vilikuwa na wakazi wapatao 175,000. Agosti 2022 walishuka chini ya 50,000. Katika takwimu zote za makala haya hiyo ndiyo inayoniuma, kwa kuwa mlezi wa turubai na nguzo ni mtu anayelala mjini, anayejua bomba gani linavuja. Anayeweza kulala hapo usiku kadhaa, akala kwenye migahawa ya mitaa ya Cannaregio na Castello na kutembelea makanisa madogo, anawasaidia waliobaki kuliko anayeshuka asubuhi na kuondoka jioni.

Jengo la kamba la Da Ponte lina kazi mpya. Ni mojawapo ya kumbi kuu za Biennale, maonyesho ya sanaa ya kimataifa yaliyoanza mwaka 1895 na makongwe kuliko yote ya aina yake. Okwui Enwezor wa Nigeria alikuwa Mwafrika wa kwanza kuyaongoza, mwaka 2015. Lesley Lokko, mwenye asili ya Ghana, aliongoza yale ya usanifu mwaka 2023. Uganda ilishiriki kwa mara ya kwanza mwaka 2022 na ikaondoka na tuzo ya kutajwa kwa heshima. Tanzania ikafuata 2024. Mwaka 2025, katika maonyesho ya usanifu, banda la Uingereza liliandaliwa kwa pamoja na Cave_bureau, ofisi ya wasanifu wa Nairobi, Kabage Karanja na Stella Mutegi, pamoja na wenzao wawili wa Uingereza. Kazi yao iliegemea Bonde la Ufa, nayo pia ilitajwa kwa heshima. Uso wa banda hilo la kizamani waliufunika kwa pazia la shanga, baadhi za udongo, baadhi za kioo chekundu, kukumbusha zile zilizotoka Murano kwenda kununua mali na watu wa Afrika.